Kibandiko

Simu mkono wa kushoto,
wa kulia unainamisha tawi la mkorosho,
nikasema: tazameni maua haya.
Meusi kama njiti za kiberiti zilizokwisha kuwashwa.
Nimepuliza salfa mara tatu,
na maua ndiyo haya. Basi.
Sekunde arobaini na saba,
na kuku wa Nambunga akikatiza nyuma bila kuombwa.

Sikusema salfa ni feki.
Sikusema nani kala.
Nilisema: shamba langu, Kitangari, mikorosho kumi na minne,
mwezi wa nane, tazameni.

Asubuhi nikakuta kibandiko.
Kijivu, kimetulia chini ya tawi langu
kama mgeni aliyekaa kabla hajakaribishwa:
Maelezo haya yanakosa muktadha.
Gusa hapa ujue zaidi kuhusu salfa.
Nikagusa.
Nikaletewa picha ya volkano.

Nikamwuliza Mwalimu Chitanda, muktadha ni mdudu gani.
Akasema ni yale yanayolizunguka jambo.
Nilicheka hadi kanga ikafunguka.
Jambo langu limezungukwa na deni la pembejeo,
na barua ya Somoe ya kidato cha tano, godoro, ndoo, reki,
na maji tunayoyanunua kwa dumu,
na ule mti wa kona aliouotesha marehemu
akiwa bado ananichumbia.
Wangeuliza, ningewapimia muktadha kwa gunia.

Na mimi nimebandika, msidhani.
Misimu tisa ghala la chama cha msingi,
kopo la rangi na brashi: daraja la kwanza, daraja la pili.
Likwata aliniapia mkono wangu utakauka
kwa lile la pili nililomwandikia.
Lakini nilikata.
Nilichota juu ya gunia, nikachota katikati,
nikachota chini kabisa panapofichwa mawe,
nikazikata moja moja,
mafuta ya ganda yakanila vidole,
hata siku ya kusajili laini ya simu
mashine ilinikataa mara nne, ikadai mimi siye mimi.
Nilimwekea mwenye mali punje kiganjani:
hii nyeupe, hii imeoza, hii ina mwenyeji. Haya, bisha.
Akabisha.
Mara mbili nilikuwa nimekosea,
nikaifuta rangi kwa mafuta ya taa, watu wakitazama.

Huyu wa kijivu nimbishie mlango gani?
Kuna kitufe. Nikakibonyeza.
Kikanishukuru.

Sisemi vyote vitupwe chooni.
Mwezi wa tatu Bakiri alituletea video ya mganga,
kwamba majani ya mkorosho yanamaliza kisukari, acheni sindano.
Dada Esha akajaza sufuria, akawasha moto.
Chini ya mganga palikuwa na kibandiko,
kijivu hikihiki, maneno karibu yaleyale.
Nikamwekea kidole pale: soma.
Akasoma, akamwaga, hakunisemesha siku mbili.
Siku ile nilikiombea dua kibandiko.

Ndipo panaponiuma.
Leo Esha kaliona tawi langu,
kaona na kilichoandikwa chini,
akaniuliza kwa upole, upole ule wa msibani,
"Na wewe, mdogo wangu?"
Mimi na mganga, gunia moja, rangi moja.

Alasiri bwana shamba akaja na pikipiki yake inayokohoa.
Kaiona video, kibandiko na yote.
Nikajiandaa kutukana.
Hakusema kweli, hakusema uongo.
Aliuliza, "Ulipuliza saa ngapi?"
Alfajiri, nikasema.
Halafu nikakumbuka ile mara ya pili,
bomba lilichelewa kwa jirani, jua lilishatoka,
na upepo, ndiyo, upepo ulikuwepo.
Nikamwambia.
Akaandika kwenye daftari lililolowa jasho,
akauliza mfuko niliununua wapi, ulikuwa umefunguliwa?
Akapita mti hadi mti, yote kumi na minne,
hata ule wa kona.
Kisha akatoa kisu mfukoni,
akakata.